Mzunguko wa Mzee Faradji

Gisenyi, Jumapili 12 Mei 2024

Kaka Mudathiru,

Salaam. Usishangae kuona karatasi. Nikikupigia simu unasema mtandao wa Goma mbaya, nikikutumia ujumbe unausoma na kunyamaza. Karatasi hii anakuletea Drocella, yule muuza karoti anayevuka mpaka kila asubuhi na beseni lake, na nimemwambia akuwekee mkononi, si mezani. Huwezi kusema hukuiona.

Tangu tumzike baba mwezi wa pili nimekuuliza mara nne tunapanga lini, na mara nne umenijibu tutaongea. Alituita kitandani sote wawili, wewe mtoto wa mke mkubwa na mimi mtoto wa mke mdogo, akasema siku ya pili ya Sikukuu ya Kuchinja tuufanye mzunguko wake kwa miguu, tuingie kila mlango aliokuwa akiingia. Ulimshika mkono ukasema inshallah. Nilikuwepo.

Kwa hiyo nimepanga mwenyewe. Huu ni mwaka wa tisa nawatembeza wageni milimani, usinisahihishe. Baba alipenda kusema kwamba mtu aliyekwenda kuswali Idi harudi kwa njia aliyoendea, na biashara yake ya vitenge aliifanya hivyo hivyo, anapanda na bonde na kurudi na mgongo wa mlima. Tutaondoka mjini saa kumi na moja alfajiri, Rugerero, Nyundo, tufuate mto Sebeya hadi Mahoko. Daraja la miti alilokuwa akivukia lilichukuliwa na mafuriko ya mwaka jana, tutazunguka juu, ongeza saa nzima. Kutoka Mahoko hadi Kanzenze ni kupanda tu, mashamba ya viazi kushoto na kulia, kivuli hakuna. Tunalala kwa mzee Munyaneza, rafiki wa baba. Siku ya pili tunageuka, tunashuka Nyakiriba, tunaingia kwa mama yangu, halafu mjini. Kilomita arobaini na sita. Ni saa kumi na tano za kutembea kwa mtu mwenye miguu, na yako ni ya kukanyagia cherehani.

Kitu kimoja nakuomba, na sipendi kukuomba. Mama ana miaka sabini na mmoja na moyo wake umevimba. Daktari ameniambia nisipange naye mambo ya mwakani. Miaka ishirini na mitatu hakuna mtu wa nyumba kubwa aliyekanyaga ua wake, na pale kilimani wanamwita yule aliyeachwa. Anataka mtoto wa Faradji aingie kwenye lango lake mchana, watu wakiona, kabla hajafa. Hilo tu.

Nunua viatu vya maana. Vya plastiki viache hukohuko.

Mdogo wako,
Uwera


Goma, 15 Mei 2024

Mdogo wangu Uwera,

Assalaam aleikum. Barua imefika. Drocella alinisimamia mpaka nikaifungua mbele ya wateja, na hiyo si adabu. Mimi ni kaka yako mkubwa, nina mafundi wanne chini yangu, na mambo ya familia hayapitishwi juu ya beseni la karoti.

Sijakataa kwenda. Lakini hali ya huku unaijua, mizinga ya upande wa Sake tunaisikia tukiwa kwenye cherehani, na mtu haondoki tu akaacha watoto. Hata hivyo nilimwambia baba inshallah, na inshallah yangu si ya mchezo.

Njia yako nimeitazama na ina kasoro. Ule mteremko wa Nyakiriba unateleza, utatuvunja miguu. Mimi napendekeza tukitoka Kanzenze tusishuke huko, tuendelee kaskazini, Mudende, halafu Cyanzarwe, tuingie mjini kwa juu. Kule ni tambarare na ni karibu na mpaka, jambo likitokea Goma nitarudi haraka. Bado ni mzunguko, na baba atakuwa radhi. Mama yako nitampelekea salamu na kitu kizuri cha Idi.

Halafu tufanye mazoezi kwanza. Tukutane Rugerero Jumamosi tarehe 25, saa moja asubuhi, twende hadi Nyundo na kurudi.

Wifi yako Umutoni anakusalimia. Alitaka aje nasi mpaka Mahoko kwa sababu ndiko kwao, lakini nimemwambia hii ni safari ya damu.

Kaka yako,
Mudathiru


Gisenyi, 17 Mei 2024

Kaka,

Tarehe 25 ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Ni umuganda! Umekaa Goma mpaka umesahau kwamba huku siku hiyo watu wote wako kwenye kazi ya pamoja? Wewe na mimi tukatize Rugerero na mikoba mgongoni, wenzetu wanachimba mitaro? Tutapewa majembe na aibu juu yake.

Hilo ni ujinga, nausamehe. La Cyanzarwe silisamehe. Kule ni mawe ya volkano matupu, hakuna kijito wala chemchemi, watu wanapanga foleni na madumu. Unaongeza kilomita kumi na tano juu ya mawe yanayokata soli, wewe uliyepanda ngazi za hospitali siku ile ukapumzika mara mbili, halafu unaniambia njia yangu ndiyo mbaya. Baba hakupita Cyanzarwe na vitenge vyake hata siku moja. Nilimpigia mzee Munyaneza kumuuliza, akacheka mpaka akakohoa.

Unaikwepa nyumba ya mama. Sema tu. Salamu na kitu kizuri cha Idi! Mama yangu si ombaomba.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sijawahi kukuambia, kwa sababu nimechoka kuwa mtoto mwenye adabu. Nyinyi wa mjini mlieneza kwamba mama alimfungia baba lango kwa kiburi cha mwanamke wa kilimani. Sikiliza. Kila Idi baba alikata jora moja vipande viwili sawa, kimoja cha mama yako na kimoja cha mama yangu, asije akamdhulumu mmoja. Bonde zima lilijua. Mwanamke aliyevaa kitenge cha jora la Idi ni mke wa Faradji, basi. Mwaka 2001 kitenge hakikufika. Mama alikwenda msibani mjini akamwona mama yako amevaa chake, ndege wa njano juu ya bluu. Akasema labda changu kiko njiani. Wiki iliyofuata akashuka soko la Mahoko, akamwona msichana mdogo, mwembamba, anacheka na wenzake, amevaa ndege wale wale.

Akaelewa alichoelewa. Faradji ameoa mke wa tatu, na fungu lake amepewa msichana. Akarudi nyumbani akalifunga lango.

Kwa hiyo niambie, Mudathiru, maana nyumba kubwa haikosi kujua. Yule mke wa tatu alikuwa nani, na mlimficha wapi? Nataka jina. Ukija Nyakiriba uje nalo, mama aambiwe ukweli macho kwa macho.

Uwera


Gisenyi, 24 Mei 2024

Uwera,

Ni mi Drocella. Naandika mwenyewe juu nimepita kwako haukuwa, na mi sina muda ya kungoja.

Barua yako nilimupatia kaka yako lundi, nyinyi munasema Jumatatu, ndani ya mukono, vile ulisema. Akasoma amesimama. Halafu akakaa chini pale pale kwa mulango ya atelier yake ya kushona, suruali ya mutu kwa bega. Bibi yake Umutoni akamuuliza, "Papa, iko nini?" Akakunja karatasi, akaingiza ndani ya soksi. Ndani ya soksi, Uwera! Nikamuambia, bon, jibu iko wapi? Akasema hakuna jibu. Mardi nikapita, hakuna. Mercredi amefunga atelier, wanasema anagonjwa. Jeudi nikamukuta anashona, akanigeuzia mugongo.

Mi siko posta. Mi niko na karoti, niko na douane ya mupaka, niko na magoti yangu. Nyinyi batoto ya baba mumoja munapigana, na mi ndiyo nachoka. Mukitaka matusi, mutusiane kwa telefone kama watu wote.

Donc barua nitapeleka tu, lakini kungoja jibu nimemaliza. Lakini ile ya soksi mi sikupenda. Mutu hafiche barua ya dada yake kama haiko na kitu.

Drocella


Gisenyi, 27 Mei 2024

Kaka,

Jumamosi nilichimba mtaro kuanzia saa mbili hadi saa tano, na kila jembe nililoinua niliinua kwa jina lako. Mwenyekiti wa mtaa alinisifu.

Leo ni siku ya kumi tangu nikuandikie. Ukimya wako nimeuchoka, na Sikukuu haitungoji. Kama hutaki kunipa jina la yule msichana, nitalitafuta mwenyewe. Nitamwandikia wifi Umutoni. Yeye amezaliwa Mahoko, amekulia pale sokoni, umri wake na wa msichana yule hauwezi kupishana sana. Lazima anamjua.

Nakupa mpaka Ijumaa.

Uwera


Goma, 30 Mei 2024

Uwera,

Usimwandikie Umutoni. Nakuomba kwa jina la baba, usimwandikie.

Hakukuwa na mke wa tatu. Msichana aliyeonekana sokoni ni Umutoni mwenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Idi ile baba alikuwa ameteguka mguu, akanipa mimi kitenge cha mama yako na paja la mbuzi nivipeleke Nyakiriba. Sikutaka kwenda. Kila Idi mama yangu alikuwa akijifungia chumbani baba akienda kwenu, na mimi ndiye niliyekaa nje ya mlango nikimsikia analia. Niliona kila kitu chetu kinakatwa nusu kwa ajili yenu. Nilifika Mahoko na hasira zangu, nikamkuta Umutoni anauza ndizi. Nilikuwa nimemtamani miezi mitatu na sikuwa na cha kumpa. Nikampa kitenge. Nyama tuliichoma na wenzangu pale pale.

Nikarudi nikamwambia baba: mke wako mdogo amekataa kitenge, anasema hataki vitu vya kugawiwa.  Mguu ulipopata nafuu baba alikwenda kwenu mara mbili, na mara zote mbili alirudi bila kufunguliwa. Akaamini nilichomwambia. Kuanzia hapo akawa anapita mbali na lango lenu.

Kwamba mama yako alikosa kitenge chake, hilo nililijua na nimelibeba miaka yote. Nilidhani ni kitenge tu, watanuniana mwezi mmoja na kupatana. Hawakupatana, na kadiri siku zilivyokwenda nikashindwa nianzie wapi. Lakini la mke wa tatu, wallahi, nimelijua kwa barua yako. Nilipolisoma nilikaa chini mlangoni mbele ya Drocella.

Umutoni hajui lolote. Nilimwambia asikivae mjini kwetu kwa sababu mama ana cha namna ile ile, akaona ni heshima. Kitenge bado anacho. Amewabeba nacho watoto wetu wote watatu mgongoni.

Baba alipotuambia kitandani tuingie kila mlango, alinitazama mimi, hakukutazama wewe. Sijui alikuwa anajua au la. Sasa umejua kwa nini nataka kupita Cyanzarwe.

Mudathiru


Gisenyi, 2 Juni 2024

Mudathiru,

Leo sikuiti kaka.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kamba ya lango niliifunga mimi. Mama aliniambia funga, nikafunga, nikasimama hapo hapo, na baba alipokuja niliviona viatu vyake kwa chini ya mbao. Vilikuwa vimejaa tope. Alikuwa ametembea bonde lote na mguu wake mbovu. Nilivichukia viatu vile, Mudathiru. Nilimchukia baba yangu kwa miaka mingi kuliko niliyompenda, na nilianza kumsamehe pale alipolazwa tu, na hata huo msamaha ulikuwa wa kosa ambalo hakulifanya.

Unasema hukujua pa kuanzia. Ungeanzia popote! Ungeanza Januari, baba akiwa bado anaongea. Ningempandisha Nyakiriba hata kwa pikipiki, nimeshikilia dripu mkononi. Alikufa akidhani mke wake alimkataa. Mama naye anakwisha akidhani mume wake alimbadilisha na msichana wa sokoni. Watu wawili waliopendana, na katikati yao umekaa wewe na paja la mbuzi.

Usiniambie habari za mama yako kulia. Na mimi nilikuwa na mama, na alilia.

Barua yako sijamsomea mama. Naikunja, naikunjua. Sikubebei maneno haya, utayabeba mwenyewe kilomita zote, umwambie. Njia ni ile ile. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Uwera


Goma, 5 Juni 2024

Uwera,

Una haki, sijitetei. Lakini usimsomee. Umesema mwenyewe moyo wake umevimba. Ukweli wa namna hii kwa mgonjwa wa namna ile unaua, na damu yake itakuwa juu yetu wote wawili.

Tufanye hivi. Tupite Cyanzarwe kama nilivyosema. Mama yako aambiwe nimeumia mguu Kanzenze nikaletwa kwa gari. Mambo yakitulia, baada ya Sikukuu, nitakuja kwake peke yangu, polepole. Na Umutoni akijua sasa hivi sina nyumba. Mficha uchi hazai, najua, lakini mimi nimekwisha kuzaa.

Viatu nimenunua.

Mudathiru


Nyakiriba, 10 Juni 2024

Mudathiru wa Faradji,

Anayesema ni mimi Nyiramana, mama yake Uwera. Anayeandika ni Wellars, katekista wa kilima chetu. Alikulia Bukoba, Kiswahili anakijua, na nimemkataza kupunguza makali.

Uwera hakutaka kunisomea. Siku tatu alizokaa kwangu nilimwona anatembea na karatasi kwenye kifua, anamenya viazi vibaya, hali chakula. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuzaa, toa, soma. Akanisomea barua yako ndefu. Nikamwambia arudie polepole. Kisha akanisomea na ile nyingine, unaposema ukweli utaniua.

Haujaniua. Nilikuwa nimelala, nikaketi. Uongo wako ndio nimekuwa nikiunywa na uji kila asubuhi tangu 2001.

Nina hasira nawe kuliko pumzi niliyobakiwa nayo, kwa hiyo sitasema zote. Nilikuwa na miaka arobaini na minane. Nilikuwa bado mtu wa kucheka. Alisimama nje akaniita kwa jina langu mara tatu, na mimi nilikuwa ndani nimejiziba mdomo na nguo nisimwitikie. Mara ya pili alikuja mvua inanyesha. Nilimsikia anavyokohoa. Mume wangu alinyeshewa langoni kwangu kwa sababu wewe ulitaka kumpendeza binti.

Binti mwenyewe sina neno naye, hakuiba. Mlete. Mwambie kabla hamjafika kwangu, usipomwambia nitamwambia mimi.

Sasa habari ya safari. Uwera amenionyesha njia yake kwenye karatasi. Mtalala kwa Munyaneza, mtafika kwangu saa nne asubuhi. Lango litakuwa wazi na majirani nimewaita. Utakula. Hapa hatumnyimi mtu chakula hata akiwa nani.

Mkimaliza kula tunaondoka wote. Kaburi la Faradji sijalifikia. Siku mnamzika nilikaa hapa nikachambua maharage, nikasema mwenye wake watatu hakosi wa kumlilia. Uwera anataka kuniitia gari. Gari sitaki. Nitalala kwenye ingobyi, ile machela ya kubebea wagonjwa wetu, na chama cha wabebaji wa kilima kimekubali kunitolea wanaume watatu. Ingobyi inabebwa na wanne. Wa nne ni wewe. Kuja mjini kwa njia ya Uwera ni kilomita kumi na nne. Wale watatu watapokewa na wenzao njiani. Wewe hutapokewa. Wellars anasema hilo ni kali mno, nimemwambia aandike.

Nimekonda, si mzito. Uwera atakuonyesha namna ya kukunja nguo begani.

Wakikwambia kwenu mwanamke haingii makaburini, waambie huyu ni mke wake, amechelewa.

Tukifika utanishusha chini taratibu, na huondoki. Nataka kumwambia Faradji kwamba nilimfungia mlango bure. Na wewe utasimama hapo hapo, karibu, mpaka nimalize kumwomba radhi kwa kosa lako.

Nyiramana, mke wa Faradji